Kobe wa Majabali Ana Bei Gani? Jinsi Utayari wa Wananchi Kulipia Uhifadhi Unavyopimwa

Siku ya soko, Wote au Kitui mjini, hakuna anayehitaji mtaalamu amwambie bei ya debe la ndengu. Muuzaji anataja yake, mnunuzi anataja yake, na mwishowe wanakubaliana. Mbuzi, maembe, asali na gunia la mahindi ni vivyo hivyo. Lakini kuna vitu vingi tunavyovithamini ambavyo havijawahi kuletwa sokoni. Kobe aliyejificha ndani ya ufa wa jabali kule Nguni ana thamani gani? Ndovu anayepita usiku kandokando ya Mtito Andei je? Na tai anayezunguka juu ya mizoga huko Mutha?

Swali hili si la mzaha. Kila mwaka bajeti inapojadiliwa, fedha za uhifadhi hushindana na za maji, barabara, dawa na karo. Maji na barabara zina makadirio ya gharama na faida. Mnyama aliye hatarini kuangamia huja mezani bila tarakimu yoyote, na kisicho na tarakimu husahaulika kwa urahisi. Ndiyo maana wachumi na watafiti hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza: "Ungekuwa tayari kulipa kiasi gani ili mnyama huyu asitoweke?" Jibu la swali hilo huitwa utayari wa kulipa.

Makala haya yanaeleza swali hilo linatoka wapi, linaulizwa vipi, majibu yanahesabiwaje, na wewe mkaazi unapaswa kujua nini kabla ya kujibu.

Ni wanyama gani tunaozungumzia?

Ndovu wa savana aliorodheshwa mwaka 2021 na Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, kuwa katika hatari ya kuangamia. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka huohuo ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya. Kundi kubwa zaidi liko katika eneo la Tsavo, ambalo linapakana na Makueni na Kitui. Faru weusi walikuwa 897 nchi nzima, na wachache kati yao wanaishi katika vilima vya Chyulu.

Wako pia wasiojulikana sana. Mbwamwitu wa Afrika yuko katika hatari ya kuangamia. Tai wa mgongo mweupe, ambaye hufa kwa wingi anapokula mzoga uliotiwa sumu, yuko katika hatari kubwa zaidi.

Halafu yuko kobe bapa. Huyu ana umbo kama chapati. Gamba lake ni jembamba na linabonyea, na urefu wake hauzidi sana shubiri moja. Akishtushwa hajikunyati na kutulia kama kobe wengine. Hukimbia na kujisukuma ndani ya ufa wa mwamba, mahali ambapo adui hawezi kumtoa. Makaazi yake makuu ni Kenya na Tanzania, na majabali ya Kitui upande wa Mwingi, kama vile Nguni na Nuu, ni miongoni mwa makaazi hayo. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati, kwa hiyo wakichukuliwa wachache, pengo huchukua miaka mingi kuzibika. Wengi wamekamatwa na kuuzwa ng'ambo kama wanyama wa kufugwa nyumbani, huku vichaka vinavyozunguka majabali vikikatwa kwa ajili ya makaa na mashamba. Mwaka 2019 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa sana ya kuangamia, na mwaka huohuo mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa.

Ndovu ana watalii wanaomlipia. Kobe bapa hana. Hakuna anayekata tiketi kwenda kuchungulia ufa wa jabali. Je, hiyo ina maana kwamba hana thamani?

Thamani isiyopita sokoni

Wataalamu husema thamani ya kiumbe ina sehemu kadhaa. Ya kwanza ni ya matumizi: mtalii kulipa kiingilio, mfugaji wa nyuki kuvuna asali msituni. Ya pili ni ya huduma tusizolipia. Tai husafisha mizoga bila kudai mshahara. Mvua inayonyesha juu ya Chyulu hupenya katika miamba ya volkano na kutokea katika chemchemi za Mzima, ambazo zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Ya tatu ni ya kuwapo tu: mtu kufurahi kwamba mnyama fulani bado yuko duniani, na kwamba wajukuu watamkuta, hata kama yeye mwenyewe hatamwona kamwe.

Sehemu hiyo ya tatu haina soko wala risiti. Njia ya kuipima ni kuwauliza watu.

Njia yenyewe si mpya. Robert Davis aliitumia mwaka 1963 kuwauliza wawindaji na wageni wa misitu ya Maine, Marekani, wangelipa kiasi gani kwa starehe yao. Ilipata umaarufu mkubwa baada ya Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta katika pwani ya Alaska na kuua ndege na wanyama wa baharini kwa maelfu. Watafiti waliwauliza Wamarekani, ambao wengi wao hawakuwahi kufika Alaska, kama wangekubali kulipa kodi ya mara moja kuzuia ajali nyingine kama ile. Kaya ya katikati ilikuwa tayari kulipa takriban dola 31. Ukizidisha kwa kaya zote za nchi ile, unapata dola bilioni 2.8.

Kenya nayo ina historia yake. Mwaka 1989 ndovu wetu walikuwa wakimalizwa na majangili. Ni mwaka ambao shirika la KWS liliundwa na Rais Daniel arap Moi akateketeza takriban tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi. Mwaka huo pia wachumi Gardner Brown na Wes Henry walichapisha utafiti uliowauliza watalii waliokuja Kenya wangeongeza kiasi gani juu ya gharama ya safari ili ndovu wasipungue. Hesabu yao ilionyesha kwamba kuwaona ndovu peke yake kulikuwa na thamani ya takriban dola milioni 25 kwa mwaka. Ujumbe ulieleweka: ndovu aliye hai ana thamani, na si pembe zake tu.

Upande wa pili wa mizani

Lakini waliohojiwa walikuwa wageni. Mkaazi wa Kathekani au Ikutha anamjua ndovu kwa namna nyingine. Anamjua kama mnyama anayeweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja, kubomoa tangi la maji, au kumzuia mtoto kwenda shule asubuhi.

Mwaka 1995 wachumi Michael Norton-Griffiths na Clive Southey walipima upande huo wa mizani. Walikadiria kwamba ardhi iliyotengwa kwa uhifadhi nchini Kenya, kama ingelimwa au kufugiwa, ingeweza kuleta dola milioni 203 kwa mwaka. Faida halisi iliyopatikana kutokana na utalii na misitu ilikuwa dola milioni 42. Kwa maneno mengine, dunia nzima inafurahia wanyama wetu, lakini gharama kubwa inabebwa na Mkenya, hasa yule anayeishi kando ya mbuga.

Kwa hiyo swali la "ungelipa kiasi gani?" haliwafai watu wote. Kwa mtu ambaye tayari analipa kwa mazao na usingizi wake, swali la haki ni kinyume chake: "Ungehitaji kupewa nini ili ukubali kuishi na mnyama huyu?" Huo huitwa utayari wa kupokea fidia. Utafiti unaokwenda kwenye vijiji vinavyopakana na Tsavo ukiwa na swali la kwanza pekee utakuwa umepima nusu ya mambo. Sheria yenyewe inatambua gharama hii. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, shilingi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi shilingi milioni 2 kwa majeraha mengine. Iliweka pia kamati katika kila kaunti ya kupokea madai.

Swali huulizwaje?

Swali zuri halianzi na pesa. Kwanza mhojiwa anaelezwa ni mnyama gani, hali yake ikoje, ni kazi gani itafanywa, na nani ataisimamia. Kisha anaelezwa malipo yatatolewa kwa njia gani. Mwishowe anapewa kiasi kimoja na kujibu ndiyo au la, kama anavyopiga kura. Mwaka 1993 jopo la wataalamu Marekani, likiongozwa na washindi wawili wa tuzo ya Nobel, Kenneth Arrow na Robert Solow, lilipendekeza mtindo huu wa kura badala ya kumwambia mtu ataje kiasi apendacho. Lilisisitiza pia kwamba mhojiwa akumbushwe mahitaji yake mengine kabla ya kujibu.

Mfano wa swali unaweza kuwa hivi:

"Tuseme kuna mpango wa kulinda majabali wanamoishi kobe bapa katika wadi hii. Vijana wa hapa wataajiriwa kulinda, na vichaka vilivyokatwa vitapandwa upya. Kila kaya itachangia shilingi 100 kwa mwaka kwa miaka mitano. Kumbuka kwamba pesa hizi hutaweza kuzitumia kwa chakula, karo au matibabu. Je, ungeunga mkono mpango huu?"

Njia ya malipo ina uzito wake. Kuna kaya zisizo na shilingi mia mfukoni mwezi wa kiangazi, lakini zina mikono. Wakamba wamechimba matuta na mabwawa ya mchanga kwa nguvu za mwethya kwa vizazi kadhaa. Mtafiti anayeijua jamii hii atauliza pia: "Ungetoa siku ngapi za kazi kwa mwaka?" Mama anayejibu "la" kwa shilingi 100 anaweza kujibu "ndiyo" kwa siku nne za kazi. Ukiuliza fedha tu, unaandika kwamba hajali, ilhali anajali kuliko wengi.

Tuhesabu pamoja

Huu ni mfano tu wa kuonyesha hesabu, si matokeo ya utafiti. Tuseme eneo lina kaya 1,000. Zinagawanywa kwa kura katika makundi manne ya kaya 250, na kila kundi linaulizwa kiasi kimoja tu.

Shilingi 50 kwa mwaka: kaya 200 zinakubali, yaani asilimia 80.
Shilingi 100: kaya 150, asilimia 60.
Shilingi 200: kaya 125, asilimia 50.
Shilingi 500: kaya 25, asilimia 10.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kaya ya katikati iko tayari kulipa karibu shilingi 200, kwa kuwa hapo ndipo waliokubali na waliokataa wanalingana. La pili, tunaweza kukadiria wastani kwa tahadhari. Asilimia 20 hawakufika hata shilingi 50, tunawahesabu sifuri. Asilimia 20 waliishia kati ya 50 na 100, tunawahesabu 50. Asilimia 10 tunawahesabu 100, asilimia 40 tunawahesabu 200, na asilimia 10 tunawahesabu 500. Jumla inatupa wastani wa shilingi 150 kwa kaya. Kwa kaya 1,000, thamani ni angalau shilingi 150,000 kwa mwaka.

Kama kazi ya kulinda majabali yale ingegharimu shilingi 120,000 kwa mwaka, basi inafaa kufanywa: thamani inazidi gharama. Lakini angalia vizuri. Ukiitoza kila kaya shilingi 120 sawasawa, angalau kaya 400 zitakuwa zimelipa kuliko kile wanachokipata, na huenda hizo ndizo maskini zaidi. Hesabu inaonyesha kwamba kazi ina thamani. Haisemi ni nani alipe. Hilo ni jambo la haki, na huamuliwa kwa majadiliano.

Mahali hesabu inapoteleza

Kila aliyewahi kuhudhuria harambee anajua tofauti kati ya ahadi na pesa. Kiasi kinachotangazwa kwa kipaza sauti na kiasi kinachomfikia mweka hazina si kitu kimoja. Majibu ya utafiti yana udhaifu huohuo: ni rahisi kusema "ndiyo" pale ambapo hakuna anayenyoosha mkono kupokea. Udhaifu huu huongezeka watu wanapoulizwa hadharani katika baraza, mbele ya chifu na majirani. Mahojiano mazuri hufanywa faragha.

Kosa la pili ni mtu kulipia jambo jema bila kuangalia ukubwa wake. Watafiti nchini Marekani waliwahi kuyauliza makundi matatu ya watu wangelipa kiasi gani kuzuia ndege wasife katika mabwawa ya mafuta. Kundi la kwanza liliambiwa ndege 2,000 wataokolewa, la pili 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu ulikuwa dola 80, 78 na 88. Ndege waliongezeka mara mia, lakini malipo yalibaki palepale. Watu walikuwa wakinunua utulivu wa dhamiri, si idadi ya ndege.

Kosa la tatu ni kuchanganya sifuri mbili. Mtu mmoja anasema "sitoi kitu" kwa sababu mnyama huyo hamhusu. Mwingine anasema "sitoi kitu" kwa sababu anaona ndovu ni wa serikali, wageni ndio wanaofaidika, na yeye bado anasubiri fidia ya shamba lake. Huyu wa pili anatoa malalamiko, na jibu lake halielezi thamani ya mnyama. Mtafiti makini lazima aulize "kwa nini?" na kuandika jibu, kwa sababu wakati mwingine "kwa nini" ile ina maana kubwa kuliko tarakimu zote.

Kosa la nne ni kwamba shilingi ya tajiri na ya maskini huhesabiwa sawa ingawa uzito wake si sawa. Mwenye gari akitoa 500, haina maana kwamba anampenda kobe mara kumi kuliko mchungaji aliyetoa 50.

Ukibishiwa hodi

Siku moja mtu anaweza kufika nyumbani kwako na karatasi ya maswali au simu mkononi. Zingatia haya:

1. Muulize anatoka wapi. Mtafiti anapaswa kuwa na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani NACOSTI. Una haki ya kuiona.

2. Kujibu ni hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua maelezo yako yatatumiwa kwa kazi gani.

3. Jibu lako si deni. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi au ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kusema "ndiyo, ningelipa 100" hakukufungi kulipa, na kusema "la" hakukunyimi huduma yoyote.

4. Jibu kama vile ungelipa kweli. Fikiria mfuko wako wa mwezi huu. Ukitaja kiasi kikubwa ili kumfurahisha mgeni, unaweza kusababisha ada isiyobebeka ipendekezwe. Ukisema sifuri kwa hasira tu, mnyama ataonekana hana mwenyewe.

5. Kama unaishi na hasara, iseme. Taja mazao yaliyoliwa, mbuzi waliouawa, usiku uliokesha ukilinda. Omba iandikwe.

6. Kama huna fedha lakini uko tayari kutoa kazi, mbegu au sehemu ya kuweka mizinga, sema hivyo. Katika kaunti jirani ya Taita Taveta, eneo la Sagalla, wakulima wametumia uzio wa mizinga ya nyuki kuwazuia ndovu, na wakavuna asali juu yake.

7. Uliza matokeo yatarudishwa lini na wapi. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ihimize ushiriki wa umma katika kulinda mazingira, na kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Utafiti unaochukua majibu na kutoweka haujakamilisha kazi yake.

Mambo haya hayaishii kwenye karatasi ya mtafiti. Makueni iliweka kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015, zikitenga sehemu ya bajeti ya maendeleo kwa miradi inayochaguliwa na wananchi wenyewe. Wakati wa vikao vya bajeti na vya mpango wa maendeleo wa kaunti, katika wadi yako, ndipo thamani iliyopimwa kwa maswali hukutana na fedha halisi. Fika kikaoni, na sema unachokithamini: ukisimama upande wa ndovu, upande wa shamba, au ukivitaka vyote viwili.

Kobe bapa hawezi kufika kikaoni. Akisikia hatua za mtu, atajisukuma ndani ya ufa wake na kungoja. Atakachopata kitategemea waliofika na walichosema.